Iowa Barnstormers waliochukua taji la 2018 ndio walewale wa Kurt Warner?

Kipanga_Juu (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina swali kwa mnaofuatilia futiboli ya Kimarekani, hasa ile ndogo inayochezwa ndani ya ukumbi.

Nimeangalia filamu ya maisha ya Kurt Warner, yule jamaa aliyekuwa anapanga bidhaa kwenye rafu za duka la Hy-Vee kule Cedar Falls, Iowa, kwa dola 5.50 kwa saa, akachezea Iowa Barnstormers, kisha akaenda kuwapa St. Louis Rams Super Bowl, taji la NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani. Ikabidi nizame mtandaoni kutafuta hao Barnstormers waliishia wapi. Nimetoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Mmoja anasema timu ilihamia New York. Mwingine anasema ilikuwa ya daraja la pili mwaka 2001. Mwingine anasema ilizaliwa 2008. Halafu nakuta imebeba ubingwa 2018 kwenye ligi ambayo sijawahi hata kuisikia.

Shemeji yangu ameshikilia kwamba ni timu moja tangu mwanzo na taji la 2018 ni la timu ya Warner. Mimi naona hapa kuna timu zaidi ya moja zinazoazimana jina. Anayeijua vizuri atufafanulie. Na kama kuna mtu yupo Iowa, hasa huyo ndiye nimemlenga.

Chapa_Kazi

Timu ni jina na jezi, mkuu. Jina lipo, mji ni uleule, mengine ni ya mawakili. Uzi ufungwe.

Mtandika_Nyasi

Usifungwe, ndiyo kwanza kunakucha.

Mimi niko Des Moines, hukuhuku Iowa. Kwa misimu kadhaa nilikuwa kwenye kikosi cha kubadilisha sakafu pale ukumbini, enzi hizo ukiitwa Wells Fargo Arena. Wa hoki ya barafu wakimaliza usiku, sisi ndiyo tunaingia. Kwa hiyo hawa Barnstormers nimewatandikia uwanja kwa mikono yangu, na habari za huko nyuma nilizipata kwa wazee wa kikosi ambao walikuwa wanakwenda kuwatazama tangu ule ukumbi wa zamani.

Jibu fupi: shemeji kakosa. Jina ni moja, timu ni 3.

Ya kwanza ilianza 1995. Aliyeileta ni Jim Foster, mtu wa Iowa, na huyu si tajiri aliyeamka siku moja akataka timu. Ndiye aliyebuni mchezo wenyewe. Mwaka 1981 alikuwa Madison Square Garden anatazama soka la ukumbini, akachora wazo lake juu ya bahasha. Mechi ya majaribio ikaja 1986 kule Rockford, Illinois, na Arena Football League (AFL) ikaanza 1987 na timu 4. Alipokwisha kuachia ukamishna wa ligi ndipo akarudi nyumbani kuanzisha timu. Kocha akamchukua John Gregory, naye mtoto wa Iowa, ambaye 1989 aliwapa Saskatchewan Roughriders kombe la Kanada, Grey Cup. Kwotabeki, yaani mrusha pasi mkuu, akawa kijana ambaye Green Bay Packers walimwacha kambini mwaka 1994. Huyo ndiye Warner wako.

Walichezea Veterans Memorial Auditorium, jengo la 1955 ambalo mashabiki walilibatiza The Barn. Wazee wakianza kusimulia ule ukumbi, kazi inasimama. Viti vinaanza palepale kwenye ukuta wa uwanja, mchezaji akisukumwa vibaya anaangukia mapajani mwa mtu mwenye bakuli la bisi. Mpira ukiingia jukwaani haurudishwi, ni mali ya aliyeudaka. Helmeti za timu zilichorwa miwani ya rubani kwa mbele, ukitazama kwa mbali unadhani wanakuja kukurukia na ndege. Mzee mmoja wa kikosi bado alikuwa na mpira wake wa mwaka 1996 na hakuruhusu mtu aujaze upepo.

Mwaka huo wa 1996 ndio walifika fainali, ArenaBowl X, ikachezwa palepale nyumbani mbele ya watu zaidi ya 11,000. Wakafungwa 42-38 na Tampa Bay Storm ya Jay Gruden, yule aliyekuja kuwa kocha wa Washington kwenye NFL. 1997 wakaingia fainali tena, safari hii ugenini Phoenix, Arizona Rattlers wakawachapa 55-33. Msimu huo Warner alirusha pasi 79 za tachidauni, yaani za kufunga. Kwa misimu yake yote 3 ni 183. Lakini kombe hakugusa, na hili watu wengi hawalijui: huyo anayetajwa kama fahari ya timu hakuwahi kuipa taji.

Sasa kuna jambo ambalo mimi huwa linanishangaza. Januari 2000 Warner anabeba Super Bowl, anarusha yadi 414, anachukua na tuzo ya mchezaji bora wa mechi. Kila anayeandika habari zake analitaja jina la Barnstormers. Ungedhani timu imepata tangazo la bure la miaka 10. Kumbe msimu huohuo wa 2000 ndio wa mwisho Iowa kwenye AFL. Ligi ilikuwa inakimbilia miji mikubwa yenye soko la televisheni (2003 wakapata NBC kweli), na Des Moines si mji wa aina hiyo. Nafasi ya Iowa ndani ya ligi ikaenda Long Island, ikawa New York Dragons, wakicheza Nassau Coliseum chini ya Charles Wang, huyohuyo aliyemiliki New York Islanders ya hoki. Aaron Garcia, kwotabeki aliyekuwepo wakati huo, akaondoka nao. Kilichobaki kwetu ni jina.

Ya pili ni ya 2001, kwenye af2, ligi ndogo ya AFL iliyoanzishwa kwa miji ya saizi yetu. Ilicheza msimu mmoja ikafa. Katika wazee wote niliofanya nao kazi sijasikia hata mmoja akiisimulia kwa hamu.

Kisha kimya mpaka 2008. Katikati hapo, 2005, ukumbi mpya ukafunguliwa, na ukumbi mpya unataka tarehe zijae. Ya tatu ikazaliwa humo, ikaanzia af2. Mwisho wa 2009 af2 ikafa, 2010 timu ikaingia AFL iliyofufuliwa, ikakaa hadi 2014, kisha 2015 ikahamia Indoor Football League, IFL. Hii ndiyo iliyochukua taji la 2018 kwa kuwafunga Sioux Falls Storm 69-68. Na Storm walikuwa wamelibeba taji hilo mara 6 mfululizo, 2011 hadi 2016, kwa hiyo msije mkadhani lilikuwa bonanza la mtaani.

Kama shemeji bado anabisha, mpe hii. Dragons walicheza hadi msimu wa 2008, baada ya hapo AFL ikafuta msimu wa 2009 na kuishia kufilisika. Maana yake ni kwamba 2001, na tena 2008, timu aliyochezea Warner ilikuwa hai kule New York wakati huohuo kuna timu nyingine inaitwa Iowa Barnstormers huku Des Moines, ligi tofauti kabisa. Haiwezekani zote mbili ziwe kitu kimoja.

Dada_Takwimu

Maelezo mazuri, Mtandika, ila hapo mwisho umeenda haraka. Mbona Cleveland Browns wa NFL nao ilikuwa hivyohivyo? Baada ya msimu wa 1995 timu ikahamishiwa Baltimore, wachezaji na kila kitu, ikawa Ravens. Jina, rangi na rekodi zikabaki Cleveland, 1999 Browns wakarudi, na NFL inawahesabu kuwa ni timu ileile iliyopumzika. Kati ya 1999 na leo Ravens na Browns wote wako hai na hakuna anayeona ajabu. Kwa nini Iowa wasihesabiwe vivyo hivyo?

Mtandika_Nyasi

Hoja ina nguvu, dada. Ningekubali kama mambo mawili yangekuwepo.

La kwanza, habari ya Browns iliamuliwa mezani kabla timu haijaondoka. Mji ulipigana, ligi ikakubali kwa maandishi kwamba rekodi hazihami, na timu ikarudishwa kwenye ligi ileile. Huku hakuna aliyeahidi kurudi. Ile af2 ya 2001 ilikuwa timu nyingine ya daraja la chini, si ile iliyoondoka kupumzika.

La pili ndilo zito kwangu: mchezo wenyewe ulibadilika. Taji la 2018 ni la mchezo ambao Warner hakuwahi kuucheza hapa. Aliyekaa jukwaani juu haoni tofauti. Aliyefunga vifaa vya uwanja anaiona.

Wako waliohama bila kuleta ubishi. Haohao Rattlers waliowachapa Iowa 1997 walitoka AFL wakaingia IFL 2017, wakabeba taji mwaka wa kwanza kwa kuwafunga Sioux Falls Storm 50-41. Wamekuwepo eneo la Phoenix tangu 1992, ukiacha 2009 ambapo AFL nzima ililala. Ukiniambia Rattlers ni wale wale nitakubali mara moja. Iowa ina shimo la miaka 6 katikati, na nafasi yake ilishauzwa.

Kipanga_Juu

Nimekuelewa hapo kwenye 2001 na 2008, hiyo naipeleka kwa shemeji kama ilivyo. Ila hili la mchezo kubadilika umenifungua macho. Si ni futiboli ileile ya kwenye ukumbi? Tofauti ni nini?

Mtandika_Nyasi

Nyavu.

Ngoja nianze chini nipande juu. Msimu wa IFL unaanza hoki haijaisha, kwa hiyo barafu haiyeyushwi. Inafunikwa na mbao nene za kuzuia baridi, na usiku ukitembea juu yake unausikia ubaridi kwenye nyayo. Juu ya mbao inakuja mikeka ya nyasi bandia, imeviringishwa kama magogo, inaletwa na forklifti. Unaifungua mmoja mmoja, unaisukuma mpaka kingo zikutane, unaziunganisha kwa mkanda wa kunata. Kero kubwa ni mistari. Mstari wa yadi 10 ukiwa umepishana vidole viwili na wenzake kwenye mkeka wa jirani, msimamizi anauona kutoka upande wa pili wa ukumbi, na mkeka mzima unavutwa upya. Kisha vioo vya hoki vinatolewa, ubao wa pembeni unavishwa magodoro. Hakuna mstari wa nje kama ule wa uwanja mkubwa, ukuta ndio mstari.

Vipimo havikutoka hewani. Uwanja wa hoki ya barafu huku una futi 200 kwa 85. Foster akachukua upana uleule wa futi 85. Kwa urefu akaweka yadi 50 za kuchezea na yadi 8 za eneo la tachidauni kila upande, jumla yadi 66, yaani futi 198. Imeingia kama droo kwenye meza yake. Wachezaji 8 kila upande badala ya 11, na kuupiga mpira kwa mguu ili tu kumwachia mpinzani zamu (punt) hakuna. Ndiyo maana matokeo yanakuwa 60 kwa 50 na watu wanaona kawaida.

Sasa ukiacha nafasi fupi hivyo, mpira unaopigwa kwa mguu kuelekea goli utakwenda wapi? Jukwaani kila mara. Foster akatundika nyavu mbili zilizokazwa, moja kila upande wa nguzo za goli, kila moja upana futi 30 na kimo futi 32. Nguzo zenyewe akazibana, futi 9 tu kutoka nguzo hadi nguzo, wakati za kawaida ni futi 18 na inchi 6. Mpira ukikosa katikati unagonga wavu, unarudi uwanjani ukiwa hai, na yeyote anaweza kuudaka akakimbia nao. Pasi pia. Kuna mabeki ambao ujuzi wao mkubwa ulikuwa kusoma mpira utarudi kwa pembe gani. Ukipenda mchezo wa biliadi wenye hesabu zake kichwani, huo hapo.

Foster akaukatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mchezo wote, nyavu zikiwemo, Marekani ikampa mwaka 1990. Hapo ndipo njia zilipoachana. Aliyetaka kuanzisha ligi ya ndani bila kumlipa mtu ilibidi acheze bila nyavu. Hataza ilikwisha 2007, mwaka mmoja baadaye IFL ikaundwa kwa kuunganisha ligi mbili ndogo, lakini walishazoea. IFL hawana nyavu. Mpira ukipita umepita.

Kitu kingine, ila kidogo: AFL ya enzi za Warner wachezaji wengi walicheza pande zote mbili, kushambulia na kuzuia, bila kutoka. Kwotabeki na wengine wachache ndio walisamehewa. Hiyo sheria AFL waliilegeza 2007.

Chapa_Kazi

Kwa hiyo Iowa ya 2010 hadi 2014 ilikuwa na nyavu, ya 2015 haina?

Mtandika_Nyasi

Ndiyo hivyo. AFL zilikuwepo, zinavutwa juu kwa nyaya kutoka kwenye paa, na lazima zikazwe sawasawa pande zote, maana wavu uliolegea unaumeza mpira badala ya kuurudisha. Ilikuwa kazi ya kuchosha shingo, mmoja anavuta huku wawili wako chini wanapiga kelele "kushoto, kushoto". Msimu wa 2015 ulipoanza msimamizi akatwambia nyavu zibaki stoo. Kikosi kilishangilia. Mimi nilishangilia pia, halafu nikakaa kwenye mechi ya kwanza nikaona mpira unapigwa, unapaa, unaingia jukwaani, basi. Nilikuwa nimezoea kusubiri ile sekunde ya pili.

Sisemi IFL ni mbaya. Mbio za miguu ni nyingi zaidi, na wachezaji wanajituma kwa pesa ndogo ya kila mechi, wengi wana kazi nyingine mchana. Ile 69-68 ya 2018 tofauti ni pointi moja, sidhani kuna shabiki aliyekaa kwenye kiti chake. Ila usimpelekee Warner taji hilo.

Dada_Takwimu

Sawa, hili la nyavu limenilegeza. Lakini ukienda kwa mtindo wako, basi Quad City Steamwheelers, timu nyingine ya ukumbini kule Moline, Illinois, nao si wamoja. Na pale ukumbi ni uleule, tangu siku ya kwanza.

Mtandika_Nyasi

Si wamoja, na pale ni wazi hata zaidi. Steamwheelers wa kwanza walianza 2000 na af2, wakashinda mechi zote 19 pamoja na za mtoano, wakabeba ArenaCup, taji la af2, la kwanza kwa 68-59 dhidi ya Tennessee Valley Vipers. 2001 wakabeba tena. Ligi ilipokufa 2009 nao wakafa. Jina likafufuliwa 2018 kwenye ligi nyingine kabisa, Champions Indoor Football, na 2019 wakaingia IFL wanakokutana na Iowa. Ukumbi uleule, ng'ambo ya Mississippi, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kutoka kwetu.

Mashabiki wao wakija hapa wanaimba habari za 2000, wetu wanajibu kwa jina la Warner. Kule uwanjani kuna vijana ambao mwaka 2000 walikuwa hawajaanza shule.

Chapa_Kazi

Haya mawakili nimewasoma. Mimi nina fulana yenye jina la Warner na nembo ya Barnstormers. Nikija Des Moines kwenye mechi ya IFL nivae au nisivae?

Mtandika_Nyasi

Vaa, ndugu yangu, hutakuwa peke yako. Ila mtu akikuuliza kama Warner alikuwepo 2018, mwambie mwaka mmoja kabla yake walishampeleka Canton, Ohio, kwenye Hall of Fame, jumba la magwiji wa futiboli. Na usikae safu ya mbele na bisi.